Sauti Aliyoigawa Wifi Yangu

Wifi yangu hajawahi kuuza dawa ya nguvu za kiume. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu wapo watu, wengine na mvi zao, ambao hata uwaapie hawaamini. Waliisikia sauti yake kwa masikio yao ikipita na mkokoteni, ikiwauliza wake za watu kama waume zao wanalala mapema. Na sauti ya wifi yangu huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine.

Amefundisha shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Watoto walimpa jina la Mwalimu Kengele, kwa kuwa siku kengele ya shule ilipoibwa alisimama mlangoni mwa ofisi akasema "Ingieni" bila hata kupaza, na shule nzima ikaingia. Kila silabi inatoka kinywani mwake imeoshwa na kupigwa pasi. Akikuambia chumvi imekwisha, unajiona umesomewa hukumu. Kaka yangu anasema mwenyewe kwamba aliipenda sauti kwanza, sura akaja kuiona baadaye. Mimi nimeishi nao ukuta kwa ukuta tangu nilipofiwa na mume wangu, kwa hiyo naujua na upande wa pili: mahali ilipo sauti ile, hakuna mtu mwingine anayemaliza anachotaka kusema.

Alipostaafu akakosa wa kumsomea imla. Kwa muda akamgeuzia kaka yangu, akawa anamsomea gazeti zima mpaka matangazo ya mnada, naye kaka akajifunza kulala macho wazi. Ndiyo maana Fundi alipokuja kuuliza kama Mwalimu angekuwa tayari kukopesha sauti yake, kaka alisema ndiyo kabla ya mkewe.

Huyo Fundi ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani, fundi wa kompyuta katika chama cha wasioona. Alikaa sebuleni akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Asiyeona anatumia kompyuta na simu kama sisi, ila ndani yake kuna programu inayomsomea kilichoandikwa. Programu nzuri za kuuzwa zipo, lakini wenye nazo hawakuona haja ya kuhangaika na lugha yetu, na sheria zao hazimruhusu mtu mwingine kuzifungua akaitia mwenyewe. Kwa hiyo wenzetu walikuwa wanasomewa Kiswahili na sauti ya kigeni, inayotamka kama mtu aliyejaza viazi vya moto mdomoni. Chama kilikuwa kimepata programu ya aina nyingine, programu huria, ambayo ukiipata ni yako: unaitumia utakavyo, unaifungua, unaitengeneza, unamgawia jirani bila kumpigia mtu magoti. Kilichokosekana ni mtu wa kuisemea.

Wakamrekodi kwenye stoo ya chama, kuta zote zimetundikwa magodoro na mablanketi ili mwangwi usipate pa kukaa. Alisoma maelfu ya sentensi zisizo na kichwa wala miguu, zilizotungwa ili zikusanye kila sauti ya lugha. Jioni alikuwa akirudi na kututajia: "Chura wa shangazi hakunywa mafuta ya taa." "Nyangumi kang'ang'ania dhahabu ya mzee Thuluthi." Pampu ya maji ya nyumba ya pili ikinguruma, wanasimama. Mvua ikipiga bati, wanasimama. Alikatazwa kufurahi na alikatazwa kukasirika, maana sauti ilitakiwa iwe na hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Miezi ile nyumba ya kaka yangu ilikuwa na amani ambayo haijawahi kurudi.

Walipomaliza, Fundi akamweleza wazi, mbele yetu, kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza, sauti itumiwe na wasioona tu, na kila anayeitaka apitie kwenye chama. Ya pili, iachwe huru kabisa, yeyote aitumie kwa lolote.

"Na babu ambaye macho yamefifia lakini hajaandikishwa kuwa haoni?" wifi akauliza.

"Kwa njia ya kwanza, ataomba ruhusa."

"Na mama ambaye macho anayo ila kusoma hajui?"

"Ataomba."

"Na chama kikivunjika, watamwomba nani?"

Fundi akainua mabega.

"Mimi sijawahi kumfundisha mtoto kusoma halafu nikampangia cha kusoma," wifi akasema. "Weka iwe huru."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu aliyarudia kwa kila mgeni aliyekanyaga kizingiti chake. Alikuwa hasemeki. Mtu amekuja kuazima ungo anapewa somo la uhuru wa mtumiaji. Na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa najivunia, na mara nyingine mimi ndiye niliyemchokoza aanze.

Sasa, siku yenyewe. Walimu wenzake wa zamani walikuja kumtembelea, mwalimu mkuu mstaafu akiwa na mkewe na wengine wawili. Tumekaa barazani, chai imemiminwa, wifi yupo katikati ya somo lake. Amefika pale pa babu mwenye macho yaliyofifia. Mara, kutoka kona ya mtaa, tukamsikia yeye mwenyewe.

"Kina mama. Je, mzee wako akigusa mto tu, anakoroma? Usinung'unike. Usimseme kwa majirani. Kijiko kimoja asubuhi. Kijiko kimoja jioni. Mzee atasimama wima. Narudia. Mzee atasimama wima. Pia tunayo dawa ya kunguni."

Ilikuwa sauti yake ile ile ya imla, imetulia, kila nukta imeheshimiwa. Mkokoteni ukapita taratibu mbele ya baraza, spika imefungwa kwa kamba juu ya masanduku, na mwanamume aliyevaa shali shingoni anausukuma bila kututazama. Mwalimu mkuu mstaafu akaangalia ndani ya kikombe chake kama ameona kitu. Mkewe akamwangalia kaka yangu. Wote wakamwangalia kaka yangu.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, na nilipofungua macho wifi alikuwa amekwisha kuingia ndani na mlango umefungwa. Wageni waliondoka chai haijapoa.

Kuanzia hapo mtaa ukapata cha kutafuna. Sisi tuliojua habari ya programu tulijaribu kueleza: hakusema yeye maneno hayo, mtu anaandika tu, mashine inayasoma kwa sauti yake. Walikuwa wanaitikia kwa vichwa, huku wamebana midomo. Dukani wifi akisema "Nipe sabuni," watu wanageuka na tabasamu. Kaka yangu aliingia kwa kinyozi wakamuuliza amefikisha vijiko vingapi. Hakurudi tena kwa kinyozi. Nikawa namkata nywele mimi uani, vibaya, naye ameshika kioo. Hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililommaliza wifi. Afadhali angegomba.

"Nimemvua nguo mume wangu barabarani," aliniambia.

"Si wewe, ni yule wa mkokoteni."

"Sauti ni ya nani?"

Akaacha kuzungumza nje ya nyumba. Mtu ambaye maisha yake yote ametembea na sauti mbele na mwili nyuma akaanza kuonyesha kwa kidole: ile sabuni, ule mkate. Akaanza kupita vichochoroni nyuma ya nyumba ili asikutane na watu. Akanituma mimi kila mahali. Nilikuwa napokea salamu zake kama katibu wake, na nilichoka, lakini ukimwona uso ulivyomshuka huna moyo wa kukataa.

Mwishowe akapiga moyo konde, akasema twende tumkabili. Tukamkuta yule mwanamume kwenye kona ya soko, anapanga chupa zake. Wifi akaanza, na alianza vizuri, ile sauti yote ikamrudia: kwamba yeye ni mke wa mtu, ni mwalimu, hakutoa sauti yake kwa ajili ya uchafu, kwamba aibu hiyo haitafutika. Watu wakasogea. Mwanamume akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akatoa simu mfukoni, akainama, akaandika kwa kidole gumba. Simu ikajibu:

"Shikamoo mama. Nisamehe, siwezi kusema. Nilipasuliwa kooni."

Ilijibu kwa sauti ya wifi. Alivuta shali kidogo tukaona kovu, akairudisha. Akaandika tena.

"Wewe ndiye mwenye sauti? Nilikuwa nataka siku moja nikushukuru. Zamani nilinong'ona, watu wakadhani nawatongoza. Sasa hata mke wangu ananisikiliza."

Watu wakaangua kicheko. Si kicheko kibaya, hata yeye mwenyewe alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Lakini wifi alikuwa amesimama pale katikati ya soko anagombana na sauti yake, na ya simu ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi.

"Ifute," akasema.

Akaandika. "Maneno nitayabadilisha. Niambie yapi hayakuaibishi, nitaandika hayo hayo."

"Sitaki maneno. Futa sauti."

Akaandika, safari hii taratibu, kisha akaigeuza simu kumwelekea. "Nikiifuta nitasemaje, mama?"

Hapo ndipo ningemshika mkono nikamwambia wifi, basi, yameisha, twende nyumbani. Sikumwambia. Nilikuwa nimevutwa na mambo kama wale wengine. Wifi aligeuka akaondoka bila kujibu, na njia nzima nilidhani amelainika. Hakulainika. Aliona haya zaidi, na kwake yeye haya ikizidi inageuka hasira. Kesho yake alinichukua tukaenda ofisini kwa Fundi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza moja, kompyuta zilizofunguliwa matumbo zimeegemezwa ukutani. Fundi alimpa kiti chake, yeye mwenyewe akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mwalimu," alisema alipokwisha kusikiliza, "waliokwisha kuichukua wanayo. Siwezi kuingia kwenye simu za watu nikaitoa. Na hata ningeweza, nisingefanya. Nilikueleza siku ile."

"Ulinieleza."

"Ninachoweza ni kimoja. Tunatoa toleo jipya karibuni. Naweza kutoiweka humo. Sheria hainilazimishi, lakini wewe ukisema hutaki, nitakuheshimu."

"Basi usiiweke."

"Na wenzetu?"

"Watapata nyingine."

"Nyingine iliyopo ni ile ya viazi vya moto."

Fundi alivua miwani akaifuta na pindo la blauzi, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Najua alikuwa anampa nafasi. Hata mimi niliiona nafasi ile ilivyokaa pale mezani.

"Watauliza sababu," Fundi akasema. "Niandike nini?"

"Usinitaje. Andika ni ombi la familia."

Nilimtazama. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha mtoto wake mwenyewe njiani kwenda kuomba radhi kwa kusema ametumwa na baba wakati ametumwa na mama. Familia gani? Kaka yangu hakuwa na habari. Mimi familia nilikuwa nimekaa pale pembeni, mkoba mapajani, na sikuombwa rai. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa nilimwonea huruma, na kwa kuwa ni rahisi kunyamaza.

Toleo likatoka. Wifi alikaa barazani siku ile, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akisubiri nini sijui. Mkokoteni ukapita kama kawaida. Yule bwana alikuwa amebadilisha maneno, Mungu ambariki, kina mama na mito havikuwemo tena, ilikuwa "Dawa za afya ya familia, karibuni," lakini sauti ilikuwa ile ile, kwa kuwa yeye hakuwa na sababu ya kuchukua toleo jipya. Waliolichukua ni wale ambao mashine zao hulipokea zenyewe: ofisi, shule, chama. Aliyemlenga hakuguswa hata unywele. Nilimweleza hivyo, naye akaniambia nimwachie ajue yeye. Wasioona walikuwa wamerudishiwa ile sauti ya viazi vya moto masikioni, sisi tunakula na kulala.

Kisha ikaja rekodi. Tulikuwa tunakunja nguo zilizokauka, mimi na yeye, na kaka anatafuta soksi. Simu ya wifi ikalia, ni ujumbe wa sauti kutoka kwa Fundi, bila maelezo yoyote. Akaufungua na kuiweka simu juu ya rundo la mashuka.

"Kwa familia ya mama yetu," ikasema sauti yake. "Sisi wanachama wa chama cha wasioona tumeipokea kwa huzuni taarifa kwamba sauti imeondolewa kwa ombi la familia. Tumeelewa kwamba mama ametutoka. Hatukuwahi kujua jina lake. Wapo kati yetu waliosoma barua zao kwa mara ya kwanza bila kumwomba mtu, kwa sababu yake. Yupo ambaye alisoma barua ya talaka yake peke yake, na anasema alishukuru kwamba hakuna jirani aliyeijua kabla yake. Tunaomba familia itusamehe jambo moja. Wenye toleo la zamani tumewagawia wenzetu, na bado tunaitumia sauti ya marehemu. Leseni inaturuhusu, lakini hatukutaka kufanya hivyo kwa siri. Kama inawaumiza kuisikia, tuambieni, tutajitahidi kuizoea ile nyingine. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema."

Ilisoma kwa utulivu, nukta kwa nukta. Hakuna hata neno moja lililotikisika, maana alikatazwa kutikisika siku zile za stoo.

"Umekufa lini?" kaka akauliza. Alitaka kutuchekesha. Ndipo akaona nyuso zetu, akauliza tena kwa namna nyingine, na ikabidi aelezwe yote, mpaka lile la ombi la familia. Aliketi kitandani na soksi moja mkononi.

"Mimi kwa kinyozi ningerudi," alisema. "Ilikuwa inapita. Ungeniuliza."

Wifi alikuwa amejifunika uso na shuka alilokuwa analikunja. "Wameniomba msamaha," alisema ndani ya shuka. "Wao. Wameniomba mimi."

Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na nafsi yangu, na kumkumbatia kungekuwa uongo. Nilimaliza kukunja foronya zote. Kisha nikamwambia kwamba Fundi hawezi kumbebea hili, wala mimi.

"Aliyeandika ni nani?" akauliza.

Fundi alituambia. Ni katibu wa wanachama, anafanya kazi mapokezi katika ofisi ya maji, wenzake wanamwita Opereta kwa sababu ndiye anayepokea simu zote. Tukaenda asubuhi, wifi amevaa gauni alilokuwa akivaa siku za mitihani. Njiani alikuwa akijisemea midomo ikicheza. Alikuwa anapanga maneno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumpangia foleni.

Mapokezi yenyewe ni kaunta ndefu, mbele yake benchi, nyuma yake mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko la mtu yeyote mle ndani. Kompyuta yake kioo kilikuwa kimezimwa, cheusi tii, kwa kuwa hakina kazi kwake. Spika ndogo ilikuwa pembeni. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja aliyekuja kuuliza kuhusu bomba lake. Opereta aliandika haraka bila kuangalia popote, na mashine ikamsomea yule mama moja kwa moja, kwa sauti ya wifi, ile ya toleo la zamani:

"Maombi yamepokelewa. Mafundi watafika wiki ijayo."

"Umesikia mwenyewe, mama," Opereta akasema. Yule mama akashukuru spika, akaondoka.

Wifi alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. Nilimtazama nikimpa ishara aanze. Alifungua mdomo, akaufunga. Nikaelewa. Akitoa neno moja tu, yule mtu atajua. Kwa hiyo nikaanza mimi.

"Habari za kazi, mwanangu. Nimetoka kwenye familia ya yule mama. Mwenye sauti."

Alisimama. Akapapasa juu ya kaunta mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Poleni, mama. Poleni sana. Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

"Aliugua?"

Sikujua pa kuingilia. Nikamwangalia wifi. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola, na hata pumzi alikuwa anaiminya isisikike.

"Tulitaka kuja kwenye mazishi," Opereta akasema. "Tukaulizana, hakuna aliyejua ni wapi. Tulichanga maneno tu. Kila mmoja alisema lake, mimi nikayaunga. Mlisikia vibaya kwamba tulitumia sauti yake? Tulibishana sana. Wengine walisema si adabu. Mimi nikasema hatuna nyingine inayoweza kuwapa pole ikaeleweka."

"Hatukusikia vibaya," nilisema.

"Basi tuendelee nayo?"

"Nisamehe, mwanangu," wifi akasema.

Opereta hakushtuka. Mkono wake mmoja ulibaki umeshika wangu, na wa pili ukaenda kwenye kibodi, ukabonyeza kitufe cha kuinyamazisha mashine.

"Samahani, mama," aliniambia mimi. "Mashine hii mara nyingine inajisemea. Sijui imetoa wapi hayo."

"Si mashine," wifi akasema.

Akabonyeza tena. Kisha mkono wake ukakaa pale pale juu ya kitufe, haubonyezi, hauondoki. Simu ya kaunta ikaanza kulia. Aliuachia mkono wangu polepole.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai."

Simu ililia ikanyamaza. Nikamwona anatafuta jinsi ya kulipanga jambo hilo, na alipolipanga alilipanga kwa wema. "Basi ni hao wa familia ndio waliokataa," alisema. "Wewe hukuambiwa."

Mlango ukawa wazi mbele ya wifi yangu. Nilimtikisia kichwa, kubali, mwanamke, kubali, laumu mimi, laumu kaka, tutaubeba. Aliniangalia, na nadhani alikuwa anaufikiria.

"Hapana," alisema. "Nilikataa mimi."

"Kwa nini, mama?"

Yale aliyoyapanga njia nzima sikuyasikia hata moja. Aliufuta uso kwa kiganja, akasimama wima mbele ya kaunta ile kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Watu walinicheka," alisema.

Opereta aliinamisha kichwa upande, akasubiri aendelee. Alisubiri muda mrefu, kwa adabu, akiamini bado hajamaliza. Lakini wifi yangu alikuwa amemaliza. Sababu yake yote ilikuwa ni hiyo.